Uzi wa tunaojifunza gitaa la blues ukubwani: mazoezi yameua raha, raha imeua mazoezi. Nyie mnagawaje?

Karani wa Nkuhungu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Wale wa gitaa naomba msogee, wengine kaeni kibarazani msikilize.

Nina miaka 41, mtumishi wa umma, nililetwa Dodoma na uhamisho kama wengi humu. Mwaka wa kwanza familia ilibaki Dar. Jioni za mtu aliye peke yake hapa mnazijua: ukishashuka kwenye basi la kutoka Mtumba, ukala, ukaoga kama maji yapo, saa mbili na nusu mnabaki mnatazamana na ukuta. Ndipo nikanunua gitaa kavu la mtumba kwa jamaa wa Area C aliyekuwa anahama, na nikaamua moja kwa moja: blues, ule muziki wa Wamarekani weusi. Siku moja ndani ya bajaji dereva alikuwa amemweka B.B. King, gwiji wa gitaa la blues. Akavuta noti moja akaiacha ining'inie, nikasema huyu naye anadaiwa kodi ya nyumba.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nilijua vipande viwili, navipiga mpaka jirani anagonga ukuta. Kisha nikagundua mwezi wa nne napiga kilekile cha mwezi wa kwanza, na makosa yaleyale. Nikaona aibu. Nikatafuta ratiba mtandaoni, nikaichapa ofisini (msiniripoti), nikaibandika ukutani: robo saa skeli (noti za kupanda na kushuka), robo saa metronomu (kile kidude cha kuhesabia mapigo), robo saa kordi (noti kadhaa kwa pamoja), robo saa nadharia. Siku sita kwa wiki, miezi minane. Mke wangu alipohamia akakuta pameandikwa "Jumatatu: baa 12. Alhamisi: baa 12, polepole." Ilibidi nimkalishe chini nimweleze kuwa baa ni vipimo vya wimbo, na hakuna hata moja inayouza bia.

Sasa shida yenyewe. Mwezi uliopita tulikuwa Kisasa kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji. Watu wameshakula, shemeji akasema, "Si unapiga gitaa wewe? Tupigie kitu." Nikalitoa kwenye gari. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye pentatoniki, ile skeli ya noti tano, boksi la kwanza (eneo la kwanza la vidole shingoni), kupanda, kushuka, boksi la pili, kupanda, kushuka. Safi, hakuna noti iliyokwaruza. Mama mmoja nyuma akamuuliza mwenzake, "Bado anajaribu mitambo?"

Wakuu, nilikuwa nimeshamaliza.

Tangu siku hiyo gitaa liko msumarini linakula vumbi hili la mwezi wa nane. Nikipiga kwa raha sisogei. Nikifanya mazoezi, hamu inakata. Wenzangu mnagawaje?

---

Kokoto

"Bado anajaribu mitambo?" Nimemwaga chai.

Naweka kigoda hapa, wajuzi waje.

---

Mwalimu Skeli

Karani, pole, ila nitakusema kidogo. Mvivu si wewe. Kosa liko kwenye upishi. Miezi minane umekatakata vitunguu, umemenya saumu, umepepeta mchele, kila kimoja kwenye sahani yake, na jiko hujaliwasha. Siku ya wageni ukawaandalia vitunguu.

Blues ina vitu vichache mno. Kordi tatu. Ukiwa kwenye A: A7 baa nne, D7 baa mbili, unarudi A7 baa mbili, kisha E7 moja, D7 moja, A7 moja, halafu E7 moja ya kukurudisha mwanzo. Hesabu, ni kumi na mbili. Noti za kuanzia solo ni tano: A, C, D, E, G. Mtoto wa darasa la nne anayakariri yote mchana mmoja. Aliyekuambia ukae miezi minane na maboksi matano bila kuyapitisha juu ya hizo baa kakupotezea muda, na mimi nafundisha skeli, jina langu mnaliona.

Lakini msije mkamdanganya kwamba aache mazoezi. Yapo mambo raha haiyafundishi, na kuvuta waya ni mojawapo. Jaribu sasa hivi. Piga uzi wa pili freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya shingoni), usikilize, hiyo ni E. Kisha bana uzi wa tatu freti ya 7, hiyo ni D, uuvute mpaka ufike palepale kwenye E. Sukuma kwa vidole vitatu, kimoja hakiwezi. Wengi wanaishia njiani, wengine wanapitiliza, na kwa kuwa wamefumba macho wanajisikia vizuri, hawasikii. Mimi nilijirekodi kwa simu nikiwa na miaka mitatu ya kupiga, nikakuta kila mvuto wangu umepungua. Nilikaa wiki mbili na noti hiyo moja. Haikuwa raha hata kidogo, na hakuna njia ya kuifanya iwe raha.

---

Mama Pacha

Mwalimu nakuheshimu, ila hizo wiki mbili za noti moja ni za mtu asiye na pacha wa miaka mitatu.

Mimi nina nusu saa. Wanalala saa tatu na nusu, saa nne nami nimeshazima. Napigia jikoni, mlango nimefunga, soksi ya mtoto nimeisokota chini ya nyuzi pale karibu na daraja, kile kipande zinapofungiwa tumboni mwa gitaa, ili sauti isitoke nje. Mwanzoni nilijiwekea utaratibu tuliolelewa nao: maliza kazi kwanza, utacheza baadaye. Mazoezi dakika ishirini, wimbo dakika kumi. Unajua kilichotokea? Zile dakika kumi hazikuwahi kufika. Ama mmoja kaamka anataka maji, ama usingizi umenishika na gitaa mapajani. Baada ya mwezi nikawa nalitazama lile gitaa kama ninavyotazama vyombo vya jana.

Nikageuza. Sasa naanza na wimbo, mzima, toka mwanzo hadi mwisho, vibaya hivyohivyo, kusimama marufuku. Nilipojikwaa napakumbuka. Nikimaliza napafanyia kazi pale tu, dakika kumi, kisha napiga wimbo tena na kwenda kulala. Wiki iliyopita ilikuwa kutoka D7 kurudi A7, kidole cha pete kinachelewa kunyanyuka kama mfanyakazi anayesikia anaitwa. Nikakipeleka na kukirudisha usiku tatu. Usiku wa nne wimbo ulipita hapo sikugundua hata kama nimepita.

Sina karatasi ukutani. Wimbo wenyewe ndio unaonionyesha panapovuja.

---

Kokoto

Soksi chini ya nyuzi!! Mama Pacha, hiyo kesho naijaribu. Mwenye nyumba wangu ana masikio ya sungura.

---

Mwalimu Skeli

Mama Pacha, hapo sina ubishi. Ila jua kwamba wimbo unakuonyesha panapovuja kama una sikio la kusikia maji. Karani miezi minne ya kwanza alikuwa anapiga na kufurahi, panavuja, hasikii. Ndiyo maana nasema simu. Rekodi dakika mbili kila Jumamosi, usisikilize siku hiyo, sikiliza Jumapili baada ya chakula. Utajichukia kidogo, lakini utajua pa kuanzia Jumatatu.

---

Mzee wa Besi

Vijana hamjambo.

Mimi nilipiga besi kwenye bendi ya dansi miaka ya sabini. Si blues, lakini nyuzi ni nyuzi. Kwetu neno mazoezi lilikuwa na maana moja: bendi nzima kukaa pamoja. Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ukumbini, viti vimepinduliwa juu ya meza, mhudumu anapiga deki katikati ya miguu yenu na kuwaambia nyanyueni. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, hakuna aliyekwenda na gitaa kwake. Ukitaka kujua kitu peke yako unakiimba kwa mdomo. Mistari yangu mingi ya besi niliitunga kwa mdomo nikitembea kutoka Makole kwenda stesheni, watu wakidhani nimechanganyikiwa.

Usiku unapiga kwa watu, na watu ndio wakaguzi. Ukichapia, yule aliyekuwa anacheza anasimama katikati ya ukumbi, mkono bado uko kiunoni kwa mwenzake, anakuangalia. Hakuna metronomu inayoweza kukuangalia hivyo. Kesho yake asubuhi huhitaji ratiba, unajua ulichofuata.

Karani, mwanangu, wewe unakosa watu. Mazoezi ya peke yako na raha ya peke yako, vyote vinachacha. Tafuta mtu hata mmoja akushikie hizo baa kumi na mbili, wewe utembee juu yake. Halafu mbadilishane, naye atembee. Ukimshikia mwenzio ndipo utajifunza muda, maana ukiyumba anaanguka yeye.

Na hiyo shafo, mdundo wa blues mnaoutafuta kwenye simu, panda treni ya zamani ya reli ya kati. Magurudumu yakipita kwenye maungio ya reli, taa-ta, taa-ta, taa-ta, moja ndefu moja fupi, usiku kucha. Ukifika Tabora unaijua.

---

Zabibu Mbichi

Shikamoo mzee. SGR nimepanda mara tatu, haina shafo kabisa. Inateleza tu.

Ila mzee kanikumbusha kitu. W.C. Handy, yule aliyekuja kuitwa baba wa blues, aliandika kwamba mwaka 1903 alikuwa stesheni ya Tutwiler, Mississippi, kule Marekani, treni imechelewa, akasinzia. Akazinduliwa na mtu aliyekaa karibu naye anapiga gitaa huku anatelezesha kisu juu ya nyuzi, anaimba mstari mmoja mara tatu, kuhusu anakokwenda. Mimi kila nikisoma hapo najiuliza: yule jamaa alikuwa anafanya mazoezi au anastarehe? Naona swali lingemshangaza.

Mimi niko UDOM mwaka wa pili, gitaa ni la kuazima, na kilichoniokoa mimi ni kuimba. Karani, wewe unaimba? Blues ina mpangilio mwepesi: unasema mstari, unaurudia, wa tatu unaujibu. Kila mstari una baa nne, sauti inachukua mbili za mwanzo hivi, gitaa linajibu kwenye zilizobaki. Kwa hiyo solo yako haihitaji dakika tano. Inahitaji kujibu ulichokisema, basi. Ukishaimba huwezi kupiga skeli ya kupanda na kushuka, kwa sababu hakuna mtu anayejibu salamu kwa kusoma alfabeti.

Huu niliutunga mimi na mwenzangu wa hosteli, wiki ya mgao:

*Nimeamka saa kumi usiku, bomba linapiga mluzi tu,*
*nasema nimeamka saa kumi usiku, bomba linapiga mluzi tu,*
*ndoo zangu sita mlangoni, zinaniangalia kama wadai.*

Tunaujua huo ubeti mmoja. Tumeupiga kama mara mia mbili. Ndio shule yangu.

---

Kokoto

"Kama wadai." Dogo, una miaka mingapi wewe? Umeanza kudaiwa lini?

---

Mjukuu wa Zeze

Mbukwenyi.

Nimesoma wote, nami nichangie toka upande wa Chamwino. Babu yangu alipiga zeze. Sikuwahi kumsikia akisema anakwenda kufanya mazoezi. Lakini msije mkadhani alikuwa anacheza tu. Mimi alinipa upinde peke yake, bila zeze, nikakaa nao msimu mzima wa kuchunga mbuzi nikiupeleka na kuurudisha hewani. Mkono ulegee, akasema, usiulazimishe. Nilikuwa naona ni mchezo. Nimekuwa mtu mzima ndio nagundua kwamba mzee alikuwa ananitesa kwa makusudi, ila alinificha.

Labda hapo ndipo penye jibu la Karani: mazoezi uyafiche ndani ya kitu kingine.

La pili, ni kuhusu sikio. Mnaong'ang'ana na noti za gitaa lakini blues inakaa katikati ya freti. Wagogo tunaisikia kirahisi na sababu ipo. Watafiti wa muziki wameandika kuwa sauti zetu, za kuimba na za ilimba, ile ala ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, zimejengwa juu ya sauti asilia, zile ambazo uzi mmoja unazitoa wenyewe ukiguswa katika sehemu zake. Ya saba katika hizo iko chini kuliko ile ya kinanda, kwa karibu theluthi ya nusu toni, yaani ya hatua ya freti moja. Sikiliza rekodi za marehemu Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo aliyefariki 2003, halafu msikilize mtu wa Mississippi anapoimba ile ya saba. Utaona sikio lako haliruki mtaro. Njoo kwenye tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino, wamama wakipiga ngoma za muheme, urudi nyumbani uvute huo uzi wako. Hutahitaji mita ya kukupimia.

---

Mwalimu Skeli

Mjukuu, nzuri sana, ila tahadhari kwa wasomaji: asije mtu akaenda kutangaza kwamba blues imetoka Dodoma. Mizizi ya Afrika kwenye blues wataalamu huitafuta zaidi magharibi, ukanda wa Mali na Senegali na majirani zao. Ali Farka Touré, mpiga gitaa wa Niafunké huko Mali, ndiye watu wanayemtaja kwanza, naye alianza na njurkel, ala ya uzi mmoja. Kufanana kwa sikio si undugu wa damu.

---

Mjukuu wa Zeze

Mwalimu, sijasema imetoka hapa. Nimesema ikifika hapa haikai ugenini.

Na huyo Ali Farka umemtaja vizuri. Alikuwa mkulima, baadaye akawa meya wa mji wake, na hakuficha kwamba shamba ndilo kazi. Gitaa lilisubiri mpunga. Karani na ofisi yake wasijione wana shughuli nyingi sana.

---

Fundi Waya

Mnamshauri mgonjwa hamjauliza anatumia gitaa gani.

Karani, hilo gitaa la Area C nina wasiwasi nalo. Dodoma ni kavu. Mvua zikishaisha, kuanzia Juni mpaka Novemba, mbao inapungua. Magitaa yaliyozoea unyevu wa Dar yanafika kwangu ubao wa mbele umepasuka uzi mwembamba, na ncha za freti zimechomoza pembeni zinakwangua kiganja kama msumeno, maana mbao imesinyaa, chuma hakisinyai. Pitisha kidole pembeni mwa shingo ya gitaa lako uone. Litoe kwenye huo msumari. Liweke kwenye begi lake, na humo ndani weka kikopo cha sabuni ulichokitoboa, chenye sponji iliyolowa na kukamuliwa. Lowesha tena kila ikikauka. Hii ni bure.

Kisha chukua rula. Pima freti ya 12, kati ya chuma cha freti na uzi mnene. Ikiwa milimita mbili na nusu, uko salama. Ikifika nne, na magitaa mengi ya bei rahisi yanafika, basi kaka, hilo ni zoezi la kubeba vyuma. Hakuna binadamu atakayevuta uzi wa tatu toni nzima kwenye gitaa la namna hiyo na akatabasamu. Waya nazo: kama umefungiwa namba 12, badilisha 10. Ukiwa bado unaumia, legeza zote nusu toni, gitaa litalainika na hakuna atakayekukamata mradi unapiga peke yako.

Nimewahi kuletewa gitaa na kijana aliyekuwa ameshaamua kuacha, anasema hana kipaji. Nikashusha daraja, nikasugua nati, kile kipande kinachobeba nyuzi kule juu ya shingo. Lilichukua kama saa moja na nusu. Alikaa hapohapo bandani akapiga mpaka nikamfukuza nifunge.

---

Karani wa Nkuhungu

Fundi, nimepima. Nne na kidogo. Nimekaa kitandani nikaliangalia lile gitaa kwa macho mengine kabisa. Miezi minane!

Nakuja Jumamosi.

Mzee wa Besi, shikamoo. Nimekutumia ujumbe. Zabibu Mbichi na wewe pia.

---

Mwalimu Skeli

Na kabla hujaenda, jambo moja la kukutia moyo. Huyo B.B. King aliyekuchukua kwenye bajaji alisema mwenyewe kwamba kordi hazikuwa fani yake. Alitamani kupiga kwa kutelezesha chuma kama binamu yake Bukka White, ikamshinda, akatafuta kuuiga mlio ule kwa kutetemesha mkono wa kushoto. Mtetemo huo ndio watu wanaomtambua nao kwa noti moja. John Lee Hooker naye, mwanablues mwenzake, rekodi yake ya kwanza kuvuma, ya 1948, ni gitaa, kordi moja, sauti, na mguu unaogonga sakafu. Mguu, Karani. Nawe unao.

---

Kokoto

Uzi umelala mwezi mzima. Karani uko wapi? Au umejiunga na kwaya?

---

Karani wa Nkuhungu

Nipo wakuu, samahani. Ni wiki ya saba sasa, acha nitoe ripoti.

Fundi ameshusha nyuzi, gitaa ni jingine. Ratiba nimeibandua. Sikuichana, nimeiweka kwenye droo, kwa sababu Mwalimu bado ananitisha. Nafanya ya Mama Pacha: wimbo kwanza, vibaya hivyohivyo, kisha pale nilipoanguka. Nadharia nimeiacha kabisa na sijaona tofauti. Mvuto wa uzi wa tatu naufanya kila siku dakika tano kama dawa, na kweli Mwalimu, hauna raha. Nimejirekodi Jumamosi sita. Nne za mwanzo nilizifuta.

Ila kubwa ni Ijumaa. Tunakutana barazani kwa Mzee wa Besi, Makole. Zabibu Mbichi anashika kordi, Mzee ana besi yake na spika ndogo, mimi najaribu kutembea juu. Ijumaa ya kwanza nilitembea baa tatu nikapotea. Mzee hakusimama. Alisema tu "nne" kwa sauti, nikajua niko wapi.

Ijumaa iliyopita umeme ukakatika tukiwa katikati. Spika ya Mzee ikafa. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kutafuta begi gizani. Mzee akainuka, nikasikia anamwaga maji kwenye maua, akarudi na ndoo, akaipindua akaikalia nusu, akaanza kuipiga kwa kiganja: taa-ta, taa-ta. Zabibu akaingia. Nami nikaimba ule ubeti wa bomba. Sijawahi kuimba mbele ya mtu toka shule ya msingi. Giza lilisaidia. Baada ya mstari wa kwanza nikajibu kwa noti tatu tu, ya tatu nikaivuta. Ilifika, au ilikaribia sana.

Watoto wa nyumba ya pili wakaja kukaa ukutani. Mara ya tatu wakawa wanaujua, wanaimba "kama wadai" wanacheka.

Baa ya tisa nilikosea mara zote. Kila ikifika E7 mimi bado niko A7 nimelewa na mstari wangu. Mzee anasema "tisa!", nachelewa, anasema "tisa!", nachelewa. Narudi nyumbani na pikipiki nikawa naimba baa ya nane kuingia ya tisa ndani ya helmeti. Nikafika, nikakaa ngazini nje, nikaanza: nane, tisa. Nane, tisa. Sijui ni mara ngapi. Mke wangu akatoka na kanga, akasimama mlangoni, akaniambia ni saa sita kasoro, na akauliza kama baa zote kumi na mbili bado hazijafungwa.

Nikamwambia imebaki moja.

---

Mama Pacha

Mzee wa Besi shikamoo. Hapo barazani wanaruhusiwa na watoto? Nina wawili, wanagonga kila kitu, naweza kuwaleta Ijumaa mojamoja kabla ya saa moja.

---

Mzee wa Besi

Marahaba. Walete. Waje na vijiko vyao.

---

Kokoto

Na mimi je? Sijui hata kushika gitaa. Nina ndoo mbili, zote tupu.